Sakafu ya stoo juu ya dari ya gereji: kenchi za 2x4 zitabeba?

#1 Mkazi_Arlington
Wakuu salama. Niko Arlington, Texas. Nyumba tuliyonunua ni ya miaka ya tisini, ina gereji ya magari mawili, futi 20 ukuta hadi ukuta. Juu ya dari ya gereji kuna nafasi tupu, katikati mtu anasimama akiinama kidogo tu. Nataka nilaze OSB (shiti za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) eneo la futi 12 kwa 8 nipate stoo ya masanduku ya safari, mapipa matupu ya kusafirishia mizigo nyumbani, mti wa Krismasi, viti vya kukunja, na sufuria za jumuiya. Mke wangu ni mweka hazina wa chama, kwa hiyo sufuria zote za shughuli zimehamia kwetu na gari linalala nje.

Kenchi ni zile za kiwandani zilizoungwa kwa vibati vyenye meno, zimepishana inchi 24, na mbao ya chini ni 2x4. Mwenye nyumba wa zamani aliacha vipande vya plaiwudi kule juu, na chini yake jipsamu ina ufa mrefu. Sasa, 2x4 itabeba? Na ule ufa umeletwa na uzito au kuna kitu kingine? Mke wangu anataka banda uani. Mimi nasema banda tunalo tayari, lipo juu.

#2 SitiYaMbele
Nimetandika mkeka. Mafundi karibuni.

#3 FundiRanda_Tabata
Mkuu, kenchi kazi yake ni kubeba paa. Huku tunapiga blandaringi (mbao nyembamba za kushikia dari) chini yake, tunafunga jipsamu, tunamaliza. Mteja anayetaka kuhifadhi vitu darini namwomba aseme kabla sijakata mbao, ili ile ya chini niweke 2x6 ya paini iliyotiwa dawa na kenchi nizisogeze karibu karibu. Wewe umeikuta imeshajengwa. Bandika 2x6 ubavuni mwa kila 2x4, gonga misumari ya inchi 4 ya kutosha, halafu ndiyo ulaze mbao zako. Kuna mteja wangu Kinyerezi nilimfanyia hivyo, anaweka viti vya kukodisha huko juu mpaka leo.

#4 Mkazo_na_Mvuto
Fundi wa namba 3 amejibu vizuri kwa kenchi za kugongwa saiti. Za mleta uzi ni nyingine. Kwenye kenchi, mbao ya chini inavutwa: paa linasukuma kuta zifunguke kwenda nje, na ile mbao ndiyo inayozishika. Imechaguliwa kwa kazi hiyo ya kuvutwa, pamoja na kubeba jipsamu na sufi ya kuzuia joto. Ukilaza mizigo juu yake unaanza kuipinda, na hiyo ni kazi ambayo hakuna aliyeipigia hesabu.

Tuje kwenye tarakimu. Kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, IRC, inahesabu pauni 10 kwa futi ya mraba kwa nafasi ya juu ya dari isiyo stoo. Hiyo ni kama kilo 49 kwa mita ya mraba. Stoo ndogo ni pauni 20. Ikiwa kuna ngazi ya kudumu, au watu wanalala huko, ni 30. Gereji yenye 2x4 chini, mara nyingi ipo kwenye lile kundi la kwanza.

Pia 2x4 ya dukani kule ukiipima unakuta inchi 1.5 kwa 3.5. Ukakamavu wa mbao unafuata kimo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu. Ndiyo maana 2x6 yao, yenye kimo cha inchi 5.5, ni kakamavu karibu mara 4 ya 2x4, na 2x8 karibu mara 9. Inchi mbili za kimo zina maana kubwa kuliko misumari mia.

#5 Jirani_GrandPrairie
Nadharia tamu hiyo, ila mtaani kwetu karibu kila gereji imelazwa plaiwudi juu na sijasikia iliyoanguka. Tupige hesabu hiyo hiyo ya injinia. Futi 12 kwa 8 ni futi za mraba 96. Mara pauni 10 unapata pauni 960, yaani kilo 435. Masanduku matupu na mti wa plastiki vitafika kilo 435? Mkuu laza mbao zako, usitishwe.

#6 Mkazo_na_Mvuto
Jirani, umeisahau sakafu yenyewe. Shiti moja ya OSB ya futi 4 kwa 8, unene wa robo tatu ya inchi, ina pauni 75 hivi. Shiti tatu ni pauni 225, na hujapandisha hata sanduku moja. Kisha utapanda wewe mwenyewe, na shemeji akisimama ngazini kukupokelea. Zile pauni 10 zimekusudiwa mtu anayepita kukagua paa akashuka, hazikusudii sufuria za kukaa miaka. Mbao ikibebeshwa mzigo wa kudumu inaendelea kulegea taratibu hata kama mzigo hauongezeki. Sijasema itaanguka. Nimesema dari litabonyea na jipsamu itapasuka, na mleta uzi tayari ana ufa.

#7 MamaNuru_Houston
Mnahesabu masanduku, sufuria hakuna anayezigusa 😂 Sufuria ya pilau ya watu mia mbili inabebwa na wanaume wawili ikiwa tupu. Mwekeni mke wa mwenzenu kwenye hesabu, ana chuma kule.

Kingine ni joto. Mimi nilipandisha juu ya gereji mishumaa ya sherehe na albamu za harusi. Kiangazi cha Texas nafasi ile inapita nyuzi 50 za Selsiasi bila shida. Mishumaa ililala ikawa ubao, na picha za albamu zimegandana kurasa kwa kurasa. Rangi, dawa za kupuliza, gundi, betri na vyakula vya kopo visipande huko.

#8 Msumari_Mmoja
Namrekebisha fundi wa Tabata kwa heshima zote. Kubandika 2x6 ubavuni kunasaidia mbao isibonyee, lakini hiyo 2x6 ikiishia hewani bila kufika juu ya kuta, mzigo wote bado unarudi kwenye kenchi ile ile na vile vibati vyake. Na ukitaka ifike ukutani pande zote, hapo ni futi 20. 2x6 haivuki futi 20 na mzigo wa stoo. Hata 2x10 kwa kupishana inchi 24 unaanza kubahatisha. Tena vibati vinatokeza ubavuni, mbao mpya haikai bapa mpaka uichonge, na ole wako uking'oa kibati au ukate mguu wa kenchi ili upate njia ya kupita.

#9 FundiRanda_Tabata
Namba 8 nakubali kuhusu futi 20. Mteja wangu wa Kinyerezi ana ukuta katikati, ndiyo maana kazi ilikubali. Ila hao wanaosema usiguse kenchi kabisa wanatia chumvi. Mbao ni mbao.

#10 Kobe_wa_Shangani
Nyie mnasumbuka na jambo ambalo wazee wa Unguja walilimaliza zamani. Angalieni nyumba za Mji Mkongwe: chumba kirefu, lakini upana hauzidi sana mita mbili na nusu. Ni boriti. Boriti ya mkandaa ndiyo iliyokuwa inaamua upana wa chumba, na juu yake yakapangwa mawe na chokaa, watu wakakaa na masanduku yao ya njumu na hakuna aliyelia. Ukitaka kubeba mzigo, fupisha mwendo wa mbao. Basi.

#11 Mwana_wa_Kibiti
Na boriti zenyewe zilitoka kwetu delta ya Rufiji, msitusahau kwenye hesabu.

#12 Kobe_wa_Shangani
Zilitoka Rufiji na Lamu pia, na zikapakiwa majahazini mpaka Uarabuni. Tunashukuru, lakini bei mlitupiga.

#13 Mkazi_Arlington
Asanteni wote. Nimepanda tena na tochi. Kenchi zina umbo la herufi W, mbao ya chini imegawanyika sehemu tatu kama futi 6 na nusu kila moja. Vipande vya plaiwudi vya yule mzee vipo sehemu ya katikati. Lakini ufa haujakaa sawasawa chini ya plaiwudi. Unaanzia karibu na mota ya mlango wa gereji, ambayo imening'inizwa darini, unapita katikati ukiwa umenyooka, unaishia kama futi 3 kabla ya ukuta. Wakati wa baridi unaonekana mwembamba, au labda ni macho yangu.

#14 Jirani_GrandPrairie
Mota hiyo! Kila asubuhi na jioni inavuta mlango mzito, inatikisa dari. Kesi imefungwa.

#15 PlastaSafi
Haijafungwa. Ufa ulionyooka hivyo ni maungio ya shiti za jipsamu. Mpaka rangi wa zamani alibania tepu au alipaka puti nyembamba, ikakauka ikaachia. Nimekarabati dari nyingi za aina hii ambazo hazikuwa na hata kikombe juu yake. Ufa wa uzito unakwenda zigizagi, na skrubu zinatokeza vichwa. Mkuu pitisha kiganja darini, unahisi vivimbe vya vichwa vya skrubu?

#16 Ja_Mjengo_Kitengela
Sasa mimi niulize, huko Arlington mchanga ni gani? Hapa Kitengela tuko juu ya black cotton. Mvua ikinyesha inafura, jua likiwaka inapasuka mpaka unaingiza mkono, na nyumba inacheza nayo. Niko na ufa kwa dari ya sitting room na juu hakuna kitu, ni popo tu.

#17 Mkazo_na_Mvuto
Wa Kitengela amegusa penyewe. Eneo la Dallas na Fort Worth lina mfinyanzi unaofura na kusinyaa, ni ugonjwa unaojulikana sana kule, watu wanamwagilia maji kuzunguka msingi wakati wa ukame ili udongo usisinyae upande mmoja. Mleta uzi aangalie pembe za milango ndani ya nyumba na matofali ya nje. Akikuta nyufa za ngazi ngazi kwenye matofali, plaiwudi ya mzee wa watu haina kosa.

#18 Baridi_ya_Minnesota
Mmesahau kenchi kujiinua wakati wa baridi. Mbao ya chini imefunikwa na sufi, iko kwenye joto, inakauka. Za juu ziko baridini zinanyonya unyevu na kurefuka. Kenchi inajikunja kwenda juu, inaondoka na dari. Kwangu kila Januari ufa unafunguka, ikifika Mei unajifunga.

#19 PlastaSafi
Hiyo inatokea pale dari linapokutana na ukuta wa ndani, kwa sababu ukuta unabaki chini na dari linapanda. Gereji ya futi 20 haina ukuta katikati, na wengi hawaweki sufi juu ya gereji. Tena yeye amesema baridini ufa unakuwa *mwembamba*. Soma namba 13.

#20 Baridi_ya_Minnesota
Amesema "labda ni macho yangu". Wewe nawe soma namba 13.

#21 SitiYaMbele
😂😂 Chai kwa wote. Endeleeni.

#22 Zimamoto_Mstaafu
Niwarudishe nyuma kidogo maana mnashughulika na ufa, mimi nashughulika na moto. Dari ya gereji kule halikuwekwa jipsamu kwa urembo. Ile nusu inchi inazuia moto wa gari usiingie haraka juu ya nyumba mnamolala. Wakitaka chumba cha kuishi juu ya gereji, kanuni inadai jipsamu nene zaidi, inchi tano ya nane, ile ya kuzuia moto. Sasa mleta uzi atapandaje huko? Ukitoboa dari ukaweka ngazi ya kukunja yenye mlango wa plaiwudi nyembamba, umeacha tundu pale pale moto unapopapenda. Zipo ngazi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, ni ghali, lakini zipo. Halafu tundu la ngazi ya kawaida ni inchi 22 na nusu kwa 54. Linaingia kati ya kenchi zilizopishana inchi 24 ukilielekeza sambamba nazo. Ukiligeuza upande mwingine lazima ukate kenchi. Usikate.

#23 Mkazi_Arlington
Mzee shikamoo. Tundu lipo, alitoboa yule yule mwenye nyumba wa zamani. Limeelekezwa sambamba na kenchi, ila mlango wake ni plaiwudi ya kawaida.

#24 Zimamoto_Mstaafu
Marahaba. Basi anza na huo mlango kabla ya sakafu. Na petroli ya mashine ya majani isikae humo ndani, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye cheche.

#25 Binti_Makorora
Mimi wa Tanga sina gereji wala Texas, ila kwa bibi mahindi yalikaa darini juu ya meko, moshi unayafukuzia wadudu, na hakuna aliyehesabu pauni. Miti ya dari ilikuwa minene na jiko lenyewe dogo. Nadhani Kobe wa namba 10 ndiye aliyesema la maana kuliko wote: mwendo mfupi. Kwa nini mleta uzi asiweke mzigo karibu na kuta badala ya katikati?

#26 Mkazo_na_Mvuto
Dada umepiga penyewe kwa nusu. Mbao inapinda zaidi katikati ya kila kipande, na kidogo karibu na viungo, pale miguu ya W inapogusa chini. Mzigo ukilala juu ya viungo, kupinda kunapungua sana. Tatizo nafasi ya kusimama ipo katikati, pembeni paa limeshuka. Ndiyo maana yule mzee wa zamani naye aliweka plaiwudi pale pabaya.

Kama anaendelea kwa vyovyote, njia ya kistaarabu ni kutafuta mchoro wa kenchi. Kiwanda huandika mzigo wa mbao ya juu na wa mbao ya chini, kila mmoja na tarakimu yake. Ofisi ya vibali ya mji wakati mwingine inao kwenye faili la nyumba. Ukikuta mbao ya chini imepewa sifuri au 10, umejibiwa. Ukikuta 20, mimi mwenyewe nitakuja kukusaidia kupandisha OSB.

#27 Jirani_GrandPrairie
Nyumba ya miaka ya tisini, faili lipo wapi leo? Mnampeleka mtu ofisini kutafuta karatasi ya sanduku la nguo. Mimi ningelaza vipande vyembamba vya nusu inchi, upana wa futi 2 ili vipite tunduni, navifunga kwa skrubu, naweka vitu vyepesi tu. Sufuria zibaki chini.

#28 Msumari_Mmoja
Nusu inchi kwenye kupishana inchi 24 inayumba chini ya goti, utaikanyaga vibaya siku moja ukiwa umebeba pipa. Kuhusu skrubu nakuunga mkono. Nyundo kule juu inatikisa jipsamu ya chini na misumari yake inachomoza. Ila zisiwe zile nyeusi za jipsamu, zinavunjika shingo. Na uache upenyo kama milimita 3 kati ya shiti na shiti, OSB inatanuka. Angalia pia nyaya za umeme zilizopita juu ya 2x4, usizibane, na usizibe matundu ya hewa pale paa linapokutana na ukuta.

#29 Shemeji_wa_Dubai
Kwani shelfu za ukutani zina dhambi gani? Mbao mbili za kusimama, mzigo unashuka chini kwenye zege, hakuna kenchi, hakuna W, hakuna mchoro wa kiwanda. Juu ya boneti ya gari kuna futi tatu nzima hewa tupu.

#30 Mkazi_Arlington
Shelfu nimeshaweka ukuta mmoja, zimejaa vitu vya chama vile vile 😅 Kuna rafiki kanishauri zile raki za chuma za kuning'iniza darini.

#31 Mkazo_na_Mvuto
Zinaning'inia kwenye 2x4 ile ile. Umebadilisha upande tu, mzigo uko pale pale.

#32 Jirani_GrandPrairie
Mbona mota ya mlango inaning'inia hapo hapo na injinia hajalia?

#33 PlastaSafi
Bado nasubiri jibu la vichwa vya skrubu.

#34 Mkazi_Arlington
Nimepitisha kiganja. Karibu na mota kuna vivimbe vitatu vinne. Chini ya plaiwudi hakuna kitu, ila dari limebonyea kidogo, nimeweka kipimamaji kirefu nikaona mwanga chini yake. Na kwenye matofali ya nje, kona ya nyuma ya gereji, kuna ufa wa ngazi ngazi mwembamba ambao sikuwahi kuujali.

#35 Ja_Mjengo_Kitengela
Si nilisema? Mchanga!

#36 Jirani_GrandPrairie
Vivimbe viko kwa mota. Mota!

#37 Mkazo_na_Mvuto
Na dari limebonyea chini ya plaiwudi. Inawezekana kabisa ni yote matatu, kila moja na sehemu yake. Ondoa plaiwudi ya mzee, weka alama ya penseli na tarehe mwisho wa ufa, subiri misimu miwili uone unakwenda wapi. Mota ihamishiwe kwenye ubao unaopita juu ya kenchi tatu au nne isivute moja peke yake.

#38 MamaNuru_Houston
Misimu miwili gari linalala nje kwenye mvua ya mawe ya North Texas? Mwambieni chama kikodi stoo, kila familia ichange. Mweka hazina si bohari.

#39 Mkazi_Arlington
Hilo nimempelekea mke wangu, amenijibu "nilikwambia banda". Wiki hii naulizia faili mjini, na mlango wa tundu nabadilisha kwanza kama mzee alivyosema. Nitaleta picha za kona ya matofali.

#40 Ja_Mjengo_Kitengela
Kabla uzi ulale, mafundi nisaidieni. Nikitaka kuweka tangi ya maji ya lita 1000 kwa dari yangu, juu ya hizo kenchi za cypress, si itakaa tu?

#41 FundiRanda_Tabata
Lita 1000 ni tani moja kabla hujahesabu tangi lenyewe. Jenga mnara nje, na ufungue uzi wako, huu usituharibie.